Lenzi ya Mbuzi Wawili

Jumanne, 15 Julai 2014. Kiritiri.
Nimeamua! Keshokutwa ni fainali ya shule za upili, uwanja wa Embu, na nitasimama pale na lenzi ndefu kuliko ya Ngari. Ngari! Mpiga picha wa kila harusi yeye, wa kila mechi yeye. Nimemwuliza kijanja lenzi ipi inafaa mpira. Akasema nichukue ya milimita mia mbili, yenye jicho pana, maana Embu mwezi huu ni ukungu mtupu na lenzi ndefu hutaka jua. Nikamshukuru. Moyoni nikacheka. Mwenye wivu ajinyonge. Nachukua mia sita.

Jumatano, 16 Julai.
Kiogora wa Muthara, mchuuzi wa kamera, ameleta ile mia sita. Nzito kama mchi! Pesa sina. Akaangalia zizini. Mle mna mitamba wawili wa mbuzi, hawajazaa bado, wa kufungulia posa ya Wanjira wangu Jumamosi. Baba yake, mzee Mbaka, alikuja mwenyewe kuwachagua. Akawashika masikio, akasema ni hawa na si wengine. Mama amewalea tangu wazaliwe, nami wananifuata kila mahali. Lakini mbuzi ni mbuzi. Nitauzia wazazi picha za fainali, ninunue wengine. Tena Njuki, kakake Wanjira, anacheza winga. Nikimpelekea mzee picha ya mwanawe akifunga bao, si ataniita mwana? Mama alikuwa shambani. Kiogora ameenda na mbuzi.

Ijumaa, 18 Julai.
Jana! Afadhali ningelala. Ukungu umeshuka hadi magotini. Lenzi inavuta mno: nikapata pua ya refa, soksi, kiwiko cha mtu. Njuki akafunga pale pale mbele yangu. Nikarudi nyuma nimpate mwili wote, nikarudi tena, nikajikuta nje ya geti. Askari akaniambia nilipe upya. Picha zote nyeusi kama sufuria ya githeri. Ngari na kafupi kake alipata bao lote.
Kiogora anasema aliwauza mbuzi sokoni, mnunuzi hamjui. Mama ameuliza wako wapi. Nikasema wameenda kuogeshwa dawa. Jirani yetu Teresia ameniazima wawili wa rangi ile ile. Nani atajua?

Jumamosi, 19 Julai.
Wamejua.
Tulifika kwa mzee Mbaka, mimi, mama na wajomba. Nikaapa mbele ya wazee kwamba mbuzi ni wale wale. Mzee mmoja akainama, akashika kiwele. Kimejaa maziwa! Mtamba gani huyo? Kabla sijajibu, nikasikia mlio nyuma ya ghala. Mzee Mbaka aliwakuta sokoni, akawatambua, akawanunua, akanyamaza aone nitasema nini. Wakafunguliwa. Wakanijia mbio, wakanilamba mikono mbele ya watu wote! Mzee akasema hawa angalau hawamkani mtu wao. Hakuna aliyecheka. Mama akajifunika uso kwa leso.
Wanjira akauliza kama ni kweli nilimbadilisha na bomba la kioo. Akaingia ndani. Ukutani nikaona picha ya bao la Njuki, kazi ya Ngari, tayari ina fremu. Njia nzima mama alitembea mbele yangu, hakugeuka hata mara moja.

Jumapili, 20 Julai.
Mama ameenda kanisani bila kunisemesha. Nikapanda kilimani na lenzi yangu. Jua kali, leo ndiyo linajua kuwaka! Ng'ambo ya bonde ni kwa mzee Mbaka. Nikavuta. Wanjira! Ameketi kwenye jiwe, mbuzi wetu wawili miguuni pake. Macho yamevimba. Roho iliniuma, nikataka kumwita, lakini atasikiaje kutoka huko? Nikapiga picha.
Safi kabisa! Basi lenzi haikuwa na shida, uwanja wa Embu ndio ulikuwa karibu mno. Machozi tu ndiyo hayajatokea vizuri. Hayo yanataka mia nane. Kiogora anayo, na mama bado ana beberu.