Pijo Yangu Inavuta Kushoto

Jumatatu, 5 Julai 1976

Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Daktari wa hospitali ya Nyeri amesema tumchukue mama kesho. Dawa zimefika mwisho, ni heri akalale kwake Othaya, karibu na baba. Alisema polepole, akitazama viatu vyake. Nimeelewa. Sikutaka kuelewa.

Mama mwenyewe ana furaha! Ati kuku wake analalia mayai, na anataka kufika kabla vifaranga hawajatoka. Nikamkumbusha ahadi yangu: siku ya kurudi nyumbani atapanda Pijo yangu, kiti cha mbele, kama mke wa chifu. Aliuza ng'ombe wake nikanunua pikapu hii. Nani mwingine ambebe? Ndugu yangu Nderitu na ile Datsun yake mpya? Ng'o!

Shida ni moja tu. Pijo inavuta kushoto. Tangu nilipoitia springi za lori ili ibebe mzigo wa wanaume, imeinua matako kama bata anayetafuta chakula majini. Matairi ya mbele yanaliwa upande mmoja. Na barabara ya Othaya ni kona na mitaro. Lazima alaimenti kwanza, magurudumu yapangwe yanyooke.

Nimempigia Nderitu simu kazini kwake, ofisi ya chama cha kahawa. Nimemwambia daktari amesema Jumamosi. Si uongo mkubwa. Siku chache tu.

Jumanne, 6 Julai

Nimepeleka gari kwa Rashid, fundi wa Majengo. Akalizunguka mara mbili, akachuchumaa, akasikitika. Ati, "Bwana Moffat, gari hili hukulitengeneza, umelitesa." Akashauri tung'oe springi za lori, aweke za kawaida, apange magurudumu, na jioni mama awe nyumbani. Nikakataa kabisa. Springi hizo ndizo jina langu sokoni!

Basi akaeleza. Gari lililoinuliwa hivi, likiwa tupu magurudumu yanatazama huku, likijazwa yanatazama kule. Lazima yapangwe likiwa na mzigo ambao litabeba. Akaniuliza nitabeba nini.

Hapo akili yangu ikawaka. Nikishamfikisha mama nitarudi kwenye biashara ya mchele. Kwa nini nilipie alaimenti mara mbili? Nikamwambia ni magunia ya mchele, gari lijae. Akauliza, na mama? Nikamjibu mama hana uzito.

Mke wangu Wachuka amesema mshika mawili moja humponyoka. Mwanamke huyu angezaliwa kalenda ya methali.

Jioni nikapita hospitali. Mama akauliza, "Gari yako imepona?" Nikamwambia bado kidogo, haraka haraka haina baraka. Akacheka, kisha akakohoa mpaka sista akaja mbio.

Alhamisi, 8 Julai

Msiba wa dunia! Jana nilikwenda Kagio kununua mchele wa Mwea. Wakati wa kurudi, kabla ya Karatina, tairi la kushoto likapasuka. La akiba? Nililiuza mwezi wa Pasaka. Manyunyu nayo hayakuniacha. Koti langu nililifunikia mchele, mimi nikalowa. Wenye magari walipita wakinipungia mkono tu.

Leo mchana ndipo nimefika kwa Rashid, kwa tairi kuukuu nililonunua Karatina. Alinyoosha kamba yake kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima, akakaza, akapima tena, mchele ukiwa juu. Nikaenda kujaribu barabara ya Kiganjo. Nyoofu! Niliachia usukani nikapiga makofi!

Sikupita hospitali. Nguo zilijaa grisi, na nilitaka nimshangaze mama kesho. Nimepangusa kiti cha mbele na kukitandika shuka nzuri ya Wachuka, ile ya wageni. Atakasirika. Shauri yake.

Ijumaa, 9 Julai

Godoro la mama lilikuwa limekunjwa.

Sista amesema alitutoka alfajiri, bila kelele. Ati jana jioni aliomba avalishwe viatu, asije akalichelewesha gari likifika. Alilala navyo.

Nimerudi kwenye Pijo, nikaketi kiti cha mbele, upande wake, nikalia mpaka shuka ikalowa. Mama yangu. Mama yangu na viatu vyake.

Kosa ni la tairi. Na la Rashid pia. Fundi gani anapima mara mbili?

Jumatano, 14 Julai

Tumemzika leo.

Nderitu alikuja hospitali asubuhi kuchukua mwili pamoja nami. Sista akauliza, mbele yake, mbona hatukuja kumchukua tangu Jumanne, siku aliyoruhusiwa, na mama alikuwa akitusubiri, macho mlangoni. Nderitu akanitazama. Afadhali angenipiga.

Lakini jeneza aliniachia mimi nilibebe. Alisema ndivyo mama alivyotaka.

Mchele nilikuwa nimeshauuza. Jeneza lilikuwa jepesi, jepesi mno, wanaume wawili walilinyanyua bila kukohoa. Pijo ikainua matako yake, ikavuta kushoto kuliko zamani. Mara mbili nusura tuingie mtaroni. Kwaya iliyotufuata nyuma ikakatiza wimbo. Wazee wa kanisa wakasema jeneza lihamishiwe kwenye Datsun. Nikakataa. Nikashauri tuongeze mawe. Nderitu akasema mama hasafiri na mawe.

Kisha akaiacha Datsun yake kando ya barabara. Akapanda nyuma ya Pijo, akaketi karibu na jeneza, akaita wanaume wengine nao wakapanda. Gari likashuka. Likanyooka. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, kwaya ikiimba tena.

Nderitu amepanda Pijo yangu! Mbele ya Othaya nzima! Nilitaka kufurahi. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona amelishika jeneza kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mtoto asianguke. Furaha ikaniponyoka.

Nyumbani vifaranga walikuwa wametoka. Walipita katikati ya miguu ya watu wakati wa maombi.

Jumanne, 3 Agosti

Nimekuja Othaya, na mguu wa baba umevimba. Tangu mazishi hali vizuri, halali vizuri. Nimempeleka zahanati, na mhudumu amesema afikishwe hospitali ya Nyeri kesho, asikawie.

Nderitu ameuliza alete Datsun lini. Nimemwambia miadi ni Jumatatu.

Maana nimegundua kosa la Rashid! Springi hazikuzidi, zilipungua! Kule Karatina lori limepinduka na springi zake zinauzwa. Nikiongeza hizo, nipakie viazi, tupange magurudumu upya, Pijo itakwenda kama imechorewa mstari. Baba atapanda kiti cha mbele, kama chifu mwenyewe. Nderitu aone. Si uongo mkubwa. Siku chache tu.

Baba ameketi mlangoni tangu tulipotoka zahanati, na koti lake la kanisani, fimbo magotini. Ameniuliza kama gari imepona.

Nimemwambia bado kidogo.