Zambarau ya Boko

Leo nimeumbuliwa na beseni.

Beseni jeupe la plastiki, lile la kulowekea soksi. Limewekwa katikati ya uwanja wangu hapa Boko, saa nne na nusu asubuhi, jua linawaka, watu sita wameliinamia, na mimi sina pa kuficha uso. Naandika haya masikio bado yana moto.

Wengi wenu mnajua nafuga gapi, vile visamaki vidogo vya mapambo vyenye mkia mpana. Mnajua kwa sababu sijawapa nafasi ya kupumzika. Mwaka na nusu nawatumia picha za samaki wangu wa zambarau. Zambarau! Rangi ambayo hakuna mtu kwenye kundi letu la wafugaji aliyewahi kuipata. Nilikuwa nachagua dume aliyekolea kuliko wenzake, nampa majike wa ukoo wake, wanazaa, nachagua tena. Waliotoka weusi-weusi, wamefubaa, nilikuwa nawatoa. Vizazi vitatu! Mimi ni mwalimu wa baiolojia, jamani. Somo la vinasaba na urithi nalifundisha kila mwaka, tena naweza kulifundisha nimefumba macho. (Sasa mnajua tatizo lilipoanzia.)

Kundi letu lina kanuni yake. Ukipata rangi mpya ikashika vizazi vitatu, wanakuja kuikagua. Wakiridhika, inaandikwa kwenye daftari la kundi kwa jina utakalolichagua, na haifutwi tena. Nilikuwa nalitaka hilo daftari kuliko ukuu wa shule. Jina nilikuwa nalo tayari, Zambarau ya Boko, nimeshalifanyia mazoezi hadi ya kuliandika kwa mwandiko mzuri.

Wale waliofubaa sikuwaua, nina roho pia. Nilikuwa nawapeleka jioni kwa jirani yangu Bi Salha, mama wa makamo mwenye duka la tende na viungo. Uani kwake ana pipa la maji ya mvua lililokuwa limejaa viluwiluwi vya mbu.

"Shikamoo Bi Salha, nimekuletea makapi."

"Marahaba mwanangu, watie humo humo."

Nawamwaga kutoka kwenye ndoo yangu nyeusi, narudi nyumbani, nasahau.

Sasa leo wageni wakafika. Wanakundi sita, wakiongozwa na mwenyekiti, Mzee Mbonde, karani mstaafu anayeongea kidogo na kutazama sana. Nilikuwa nimevaa shati la kwendea kanisani. (Kwa ajili ya samaki. Mke wangu alinitazama tu.)

Nikawaingiza stoo. Ndiko yaliko matangi yangu, chumba hakina dirisha hata moja. Juu ya matangi nimefunga taa za kukuzia mimea ya majini. Mwanga wake ni wa waridi unaoelekea zambarau, ila ukikaa nazo dakika chache macho yanazoea, huoni tofauti. Wageni wakachungulia, wakaguna kwa pamoja.

"Ticha, hii si mchezo!" akasema mmoja.

Basi hapo ndipo niliponogewa. Nikatoa mhadhara. Nikaeleza jinsi kinasaba kinavyoweza kujificha kwa wazazi kikaibukia kwa wajukuu. Nikaeleza kwa nini subira ya mfugaji ni kipaji. Nilimtaja mfugaji huyo mara nyingi, na alikuwa mimi. Mzee Mbonde aliitazama taa, akanitazama, akaitazama tena taa. (Nilidhani ni heshima.)

Nilipomaliza akasema, "Vizuri, Mwalimu. Sasa tuwatoe nje."

"Nje wapi, mzee?"

"Kwenye beseni jeupe, juani. Rangi hukaguliwa juani. Ndiyo kanuni."

Kanuni hiyo naijua. Nimewahi kuwasomea wengine! Ila kwangu niliiona kama usumbufu, maana rangi si hii hapa, kila mtu anaiona? Nikasema samaki watashtuka. Nikasema jua kali. Mzee akasema atangoja hata jioni, hana pa kwenda. Ikabidi mke wangu amwage soksi.

Nikachota madume wangu watano, mabingwa wa kizazi cha tatu, nikawapeleka uwanjani ndoo nimeikumbatia, nikawamimina taratibu kwenye beseni.

Wote sita wakaliinamia.

Jamani, walikuwa weupe. Na si weupe wa kupendeza. Weupe wa maji yaliyooshewa mchele! Mmoja wa wageni akauliza kwa upole kabisa, "Ticha, umechukua tangi lenyewe?"

"Wameshtuka," nikasema. "Gapi akishtuka rangi hupauka. Ni sayansi. Tuwape muda."

Tukawapa muda. Mke wangu akaleta chai na maandazi. Tukala. Samaki nao nikawatupia chakula, wakala kwa raha zao, wakacheza, wakafukuzana. Hakukuwa na samaki aliyetulia Boko nzima kuliko wale. Na walibaki rangi ile ile ya maji ya mchele.

"Baba Neema," mke wangu akasema mbele ya watu wote, "si nilikuuliza siku ile unaosha tangi? Nikasema mbona weupe? Ukaniambia sina jicho la kitaalamu."

(Nilisema hivyo. Ni kweli nilisema hivyo.)

Mzee Mbonde akainuka, akarudi stoo. Baada ya muda akatuita. Tulimkuta ameshika leso yake nyeupe, ameiingiza chini ya taa yangu. Leso ilikuwa zambarau. Zambarau iliyokolea, nzuri, ile ile ya kwenye picha zangu zote.

"Mwalimu," akasema, "hata hii leso nadhani ni kizazi cha tatu."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea gunia la mkaa. Mimi nilitamani niingie tangini. Mwaka na nusu nimekuwa nachagua samaki weupe, kwa sababu mweupe ndiye anayepokea rangi ya taa kuliko wote! Nimefanya kazi kubwa, kwa uvumilivu mkubwa, ya kuondoa rangi kwenye samaki.

Nikadhani yameisha. Hayakuwa yameisha.

Tunarudi uwanjani, Bi Salha huyo anaingia getini na jagi la kioo, lile la juisi.

"Hodi! Mwalimu, yale makapi yako yamezaana mno, pipa halitoshi. Nimekupunguzia kidogo, utajua mwenyewe pa kuyatia."

Akaliweka jagi mezani, juani.

Kijani. Walikuwa kijani mwili mzima, kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia, wanang'aa kila wakigeuka. Kule pipani ni giza, mtu anaona vivuli vya migongo tu, wala huwezi kujua rangi. Na chini ya taa yangu ya waridi, samaki wa kijani anaonekana mweusi, amefubaa. Ndiyo maana nilikuwa nawatoa. Kwa hiyo kuchagua nilichagua vizuri sana, tena bila kukosea, ila nilikuwa nabaki na upande wa kutupa na kumpelekea jirani hazina.

Mzee Mbonde alipiga magoti. Yule mzee, na magoti yake yale!

"Nani kafuga hawa?"

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mimi, mzee. Yaani… niliwatupa."

"Bi mkubwa, wamezaana kwako mara ngapi?"

"Weee, mie nahesabu? Mara nyingi. Mie siwafugi, wanakula mbu tu."

Wakahamia kwake wote, wakawachota wengine pipani, wakawamimina kwenye beseni langu la soksi. Kijani tupu. Wakaridhika, daftari likafunguliwa. Mzee akasema kwa kuwa vizazi vyote vimetimia pipani kwa Bi Salha, jina atalitoa Bi Salha.

Nikamsogelea haraka. "Bi Salha, tuseme Zumaridi ya Boko? Linapendeza."

"Zumaridi ya nini? Si walikuja na jina lao? Kila ukija unaniambia makapi, makapi. Andika hivyo, mwanangu. Makapi ya Mwalimu."

Katibu wa kundi akaandika. Kwa kalamu ya wino. Mke wangu alikuwa ameingia ndani, lakini kicheko chake nilikisikia.

Wageni walipoondoka nikapiga moyo konde nikaenda kumwomba Bi Salha jozi moja tu, nianze upya. Akanitazama kwa huruma.

"Nitakupa, mwanangu, wewe si jirani yangu? Ila wazuri nawabakiza. Nitakuchagulia makapi."

Haya, nilitaka kuingia kwenye daftari na nimeingia. Anayecheka acheke kimya kimya huko aliko, mimi niko juu ya ngazi nazing'oa zile taa za stoo.