Wagonjwa Hawatafutwi: Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kuandika Kiingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, Ndugu Naibu wangu, pamoja na Naibu wa Naibu wangu, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na nakitambua, Mwalimu Mkuu, walimu wasio wakuu, wazazi, walezi, na wale ambao bado hamjaamua, fundi wa kipaza sauti (kipaza sauti kinapiga mluzi), asante, nawe nimekutambua, wanafunzi wapendwa mliokaa sakafuni kwa sababu za kiitifaki, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na kama ipo iliyosahaulika, nayo naagiza izingatiwe. (Makofi.)

Nimesimama mbele yenu, na nitaendelea kusimama kwa muda mrefu, nikiwa Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Kuinua, Kuendeleza na Kuratibu Uandishi wa Kiingereza kwa Wasiozaliwa Nacho, cheo ambacho peke yake kinajaza kadi mbili za biashara, kuja kuzindua rasmi Kituo cha Umahiri wa Insha, Barua na Mambo Mengineyo, ambacho ni zao la upembuzi yakinifu, mkakati shirikishi, wekshopu kumi na moja, semina za kutathmini zile wekshopu, na fremuweki moja nene sana ambayo hadi leo hakuna aliyeifungua kwa kuheshimu uzito wake. (Makofi. Mzazi mmoja anapiga miayo. Makofi yanamfunika.)

Ndugu zangu, tatizo ni kubwa. Kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe, nikiwa ndani ya gari, asilimia sabini na moja ya wanafunzi wetu wanaogopa kuandika Kiingereza, na asilimia arobaini na nane hawaogopi ila tungewashauri waogope. (Sauti kutoka nyuma: "Hizo zimepita mia!") Zimepita, ndiyo! Ofisi zilizopita ziliishia mia. Sisi tumevuka! (Makofi marefu.)

Na kwa nini wanaogopa? Nitawaeleza kitaalamu. Kwanza ni huyu yeye. Yeye wetu ni mmoja, hana makuu, anamtosha baba na anamtosha mama. Yeye wa Kiingereza wako wawili, na mtoto akikosea kumchagua, mama yake mzazi anaota ndevu katikati ya insha. (Kicheko.) Pili ni vitenzi. Kitenzi cha Kiingereza kinaondoka leo kikiwa na jina hili, kesho kinarudi kutoka jana kikiwa na jina lingine kabisa, na hakitoi maelezo. Tatu ni tahajia. Kuna kisu cha Kiingereza kinaanza na herufi K isiyotamkwa. Niliunda kikosi kazi kuchunguza hiyo K inafanya kazi gani pale mbele. Kikosi kiliniletea ripoti kwamba haina tofauti na baadhi ya watumishi wa ofisi yangu: kwenye orodha ipo, ila haijawahi kusikika. (Kicheko kikubwa. Naibu hacheki.)

Sasa nije kwenye historia. Mwaka jana nilifanya ziara ya kushtukiza katika shule hii, ziara iliyotangazwa wiki mbili kabla ili kila mtu ajiandae kushtuka. Nikaingizwa katika darasa lenye wanafunzi tisini na wawili, watatu kwenye dawati la mmoja, na mbele yao yule mwalimu wa Kiingereza ambaye wanafunzi wanamwita Kalamu Nyekundu. Simama, mwalimu, uonekane. (Mwalimu anasimama. Wanafunzi wanashangilia kuliko walivyomshangilia Mkurugenzi.) Inatosha, kaa. Nikamuuliza, "Mwalimu, kwa nini watoto hawajui kuandika?" Mwalimu akanijibu, na hapa nanukuu, "Mheshimiwa, insha moja nikiisahihisha kwa dakika tano, darasa hili peke yake ni saa saba na dakika arobaini. Nina madarasa manne. Kwa hiyo naandika 'Nione' pembeni. Wakija kuniona, kengele imelia." Nikamwambia hiyo ni changamoto ya mtazamo.

Ndipo akanionyesha barua ya binti wa darasa lile, mtoto wa fundi viatu mwenye kibanda hapo nyuma ya shule. Binti huyo alimuuguza bibi yake miaka miwili, akamlisha, akamgeuza kitandani, akamwogesha, na kutokana na hayo akatamani kuwa muuguzi. Akakiandikia chuo cha uuguzi barua ya maombi, kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka. Alitaka kusema kwamba kazi anayoipenda ni kuwatunza wagonjwa. Lakini Kiingereza, ndugu zangu, kina kitenzi kimoja cha kutazama ambacho ukikibandika kineno hiki kinakuwa kutunza, ukikibandika kile kinakuwa kutafuta. Binti akabandika kile. Chuo kikasoma kwamba kazi anayoipenda ni kuwatafuta wagonjwa. Wakamjibu kwa kifupi: "Mwombaji mpendwa, hapa wagonjwa hawatafutwi. Wanakuja wenyewe." Na nafasi wakamnyima. (Kicheko. Kisha, taratibu, kicheko kinakatika.)

Mimi, kwa moyo wangu mkubwa ambao hata daktari wangu ameuzungumzia, nikatoa ahadi mbili palepale. Ya kwanza, Kituo. Ya pili, kumwandikia binti barua ya pendekezo kwa mkono wangu, kwa nembo yangu, kwa Kiingereza cha ngazi yangu. Na niliiandika! Barua ya kurasa nne! Na matokeo yake… (Binti wa fundi viatu anasimama kati ya wanafunzi.) Naona binti mwenyewe amesimama kutoa shukrani. Mpeni kipaza sauti, lakini awe mfupi.

(Binti: "Shikamoo, Mheshimiwa. Barua yako ilifika. Walinikataa tena.")

Marahaba. Hilo halikuwa kwenye ratiba.

(Binti: "Ulijaza kurasa tatu kuhusu vyeo vyako. Ya nne ulitaka kuwaambia kwamba huwezi kunipendekeza vya kutosha. Lile neno la mwisho halikuwepo. Ikabaki, 'Siwezi kumpendekeza.' Nukta. Na mhuri juu yake." Ukumbi unalipuka kwa kicheko. Naibu sasa anacheka.)

Utulivu! Utulivu ukumbini! Naomba nifafanue, maana jambo hili ni la kitaalamu. Kwa Kiingereza cha juu, kusema huwezi kumpendekeza mtu vya kutosha ni sifa kubwa mno, yaani umsifu mpaka kesho bado hujamaliza. Sasa lile neno la "vya kutosha" lina G na H mwishoni, halafu linatamkwa kwa F! Niambieni, F imetoka wapi? (Wanafunzi: "Hatujui!") Mnaona? Niliandika mara ya kwanza, kompyuta ikalipigia mstari mwekundu. Mara ya pili, mstari mwekundu. Mara ya tatu nikamwita katibu muhtasi wangu, akaandika yeye, ikaja mistari miwili. Nikasema barua ya Mkurugenzi haitoki ofisini na wekundu ndani yake. Nikalifuta. Neno moja tu, katika kurasa nne!

(Binti: "Hata mimi hufanya hivyohivyo, Mheshimiwa. Neno nisilolijua tahajia yake naliruka, natafuta njia nyingine. Ukisoma barua zangu unaona mashimo tu.")

Usinifananishe. Mimi naruka kiutawala. (Kicheko.)

(Fundi viatu, baba yake, ameinuka, kofia mkononi: "Mzee, samahani, sikuja kugombana. Barua ile ilipofika mtoto alikaa kwenye benchi langu siku nzima hasemi. Mwaka mzima umempita. Nilitaka tu ulijue hilo." Feni inasikika.)

Mzee mwenzangu… ehm. Kwenye karatasi yangu hapa pameandikwa "kicheko", kwa hiyo naomba nivuke ukurasa. (Anavuka ukurasa. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.) Pole, baba. Hilo halimo kwenye karatasi. Nimelisema tu.

Turudi kwenye mafanikio! Maana katika kipindi kilekile ambacho Kituo kilikuwa kwenye hatua ya mchakato wa maandalizi ya mchakato, uandishi wa Kiingereza katika eneo hili ulipanda ghafla, jambo ambalo ofisi yangu ililigundua na kulipokea kama lake. Mwalimu Kalamu Nyekundu, waelezee wananchi, ukitaja mchango wa Kurugenzi kila baada ya sentensi mbili.

(Mwalimu: "Hakuna cha ajabu. Kila Jumamosi mchana fundi alitupisha kwenye kibanda chake. Walikuja wanafunzi saba. Kila mmoja aliandika aya moja, aya moja tu, akamsomea mwenzake kwa sauti. Pale mwenzake alipokunja uso, ndipo palipokuwa na kosa. Wanaandika upya. Kwa watoto saba, nilipata nafasi ya kukaa na kila mmoja.")

Na mchango wa Kurugenzi?

(Mwalimu: "Haukuja.")

Haukuja kwa wakati. Tuendelee. Nasikia na fundi alifundisha! Fundi viatu akifundisha Kiingereza! Elimu gani hiyo, mzee?

(Fundi: "Mimi Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Nilikuwa napiga misumari yangu. Ila mtoto akikwama, akianza kutafuna kalamu, nilikuwa namuuliza, 'Ulitaka kusema nini?' Ananiambia kwa Kiswahili. Namwambia, haya, hilo nimelielewa, mwambie mwalimu akuonyeshe Waingereza wanalisemaje. Basi. Ndiyo kazi yangu." Makofi, ya kwanza leo ambayo hakuna aliyeyaanzisha.)

Naomba makofi hayo yahesabiwe kwenye hotuba yangu. Na wewe binti, kwa kuwa bado umesimama, malizia.

(Binti: "Niliandika barua ya tatu. Niliiandika mara tisa. Mara ya saba baba aliniuliza nilitaka kusema nini, nikamwambia nilitaka kusema kwamba bibi alipokuwa hawezi tena kuongea nilijua anaumwa wapi kwa jinsi alivyoshika shuka. Mwalimu akasema, 'Sasa hilo mbona hujaliandika?' Nikaliandika. Kwa maneno mafupi ninayoyajua. Sikuruka neno." Anatoa karatasi mfukoni. "Wamenikubali. Naanza Jumatatu.")

(Ukumbi mzima unasimama. Vigelegele. Mama mmoja anamkumbatia mtu asiyemjua. Fundi viatu amevaa kofia, ameivua, ameivaa kinyume. Kalamu Nyekundu anatazama dari kwa bidii.)

Kaeni! Kaeni, ndugu zangu! Nami nimefurahi, na furaha yangu ina cheo kikubwa kuliko yenu! Binti, hongera sana. Mwandishi wa habari, andika: huyu ni mhitimu wa kwanza wa Kituo cha Umahiri! (Sauti nyingi: "Kituo gani?") Kituo! Kituo chenyewe! Mwanafunzi wa kwanza amehitimu kabla ya Kituo kuzinduliwa. Niambieni ni Kurugenzi gani nyingine duniani yenye kasi hiyo! (Kicheko. Makofi kidogo, ya kumwonea huruma.)

Na huo ni mwanzo tu. Katika awamu ya pili tutajenga maktaba yenye kamusi zinazozunguka. Katika awamu ya tatu kila mwanafunzi atapatiwa mkato wake binafsi, ambao hataruhusiwa kumwazima mwenzake. Katika awamu ya nne tutawaandikia wenye lugha yao barua rasmi, tukiwataka waitamke ile K au waiondoe, na barua hiyo, nawaahidi, ataiandika huyu binti, mimi nitatia saini tu. (Makofi ya kweli.)

Sasa tuinuke sote kwa kaulimbiu. Nikisema "Herufi kubwa", mseme "Mwanzo!" Herufi kubwa! ("Mwanzo!") Nikisema "Mkato", mseme "Pumua!" Mkato! ("Pumua!") Mkato! ("Pumua!") Nikisema "Nukta", mseme "Maliza!" Nukta! ("Maliza!") Nukta! ("Maliza! Maliza! Maliza!") Nawashukuru kwa hamasa, lakini bado sijamaliza.

Zimebaki shukrani. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa ukumbi. Namshukuru dereva wangu, ambaye yuko garini na injini inawaka. Namshukuru katibu muhtasi wangu kwa ile mistari miwili. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mchora mabango, ambaye tangu alfajiri amefanya kazi huko nje bila kupumzika, wakati ninyi mmefungiwa humu ndani saa tatu nzima mkidhani nimechelewa. Kijana… samahani, si kijana, ana wajukuu… bwana huyu, kwa turubai moja na ndoo nne za rangi, ametuchorea Kituo kizima, ghorofa mbili, madirisha kumi na sita, mlango wa vioo, na mlinzi mlangoni anayetabasamu vizuri kuliko mlinzi yeyote wa kweli niliyewahi kuwa naye. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa tutoke nje kwa utaratibu, mstari kwa mstari, tukakate utepe na kupiga picha. Nawaomba mambo mawili tu: msiegemee ukuta, upepo umeanza kuvuma, na tafadhali sana, msimpe mlinzi mkono, maana bado hajakauka.