Malalamiko juu ya Kunyooshwa kwa Mguu wa Bertha

Makorora, Tanga
23 Aprili, 1956

Kwa Ndugu Mhariri wa *Kengele ya Usharika*,

Salamu katika Bwana. Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima, ila nimechokozwa. Mimi ni fundi viatu, msharika wenu tangu kanisa likiwa la makuti. Shule yangu ni magazeti ya kufungia viatu. Nimeyasoma yote, hata yaliyolowa. Ukikuta kosa katika barua hii lisahihishe polepole, usifanye kama mtu nitakayemtaja.

Mtu huyo ni mwinjilisti wetu, Bwana Noa. Kabla ya kuitwa alikuwa akipanga madaraja katika bohari ya katani: hii ndefu nyeupe, daraja la kwanza, hii fupi yenye madoa, weka kando. Aliiacha kazi ile, lakini yenyewe haikumwacha. Tangu Kwaresima anatufundisha habari za mwili tutakaopewa mbinguni, na kwa mafundisho yake mbinguni ni bohari, nasi tutapitishwa kwenye brashi ya kusafishia nyuzi tutoke wote urefu mmoja.

Mke wangu Bertha, tuliyemzika tarehe 7 Machi, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa inchi mbili. Bwana Noa ameshaunyoosha. Hakuniuliza mimi niliyeuvika viatu miaka ishirini na sita. Naomba usharika umzuie, na fimbo ya marehemu irudishwe kaburini. Sababu zangu ni hizi:

1. Siku ya Pasaka alipanda mimbarani na karatasi, akatusomea kwa majina viungo vitakavyosahihishwa siku ya ufufuo. Lea, jicho. Mzee Ernesti, busha. Ernesti wa watu, amelificha busha lile chini ya koti refu miaka tisa, hata katika jua la Februari. Sasa linajulikana mpaka na wanakwaya. Anjela hana ugonjwa wowote, lakini naye alikuwamo: unene. Akasimama palepale akamwuliza, "Unene wangu umekukalia wapi, Mwinjilisti?" Ikabidi tuimbe wimbo kabla ya wakati wake. Kisha, "Marehemu Bertha, mguu." Jina la Noa mwenyewe sikulisikia. Nadhani yeye atapelekwa vilevile alivyo, na kichwa kile, awe kielelezo cha mafundi.

2. Anasema tutafufuliwa wote tukiwa na miaka thelathini na mitatu. Haya. Mama yangu alikufa ana meno mawili. Siku hiyo nitasimama mbele yake, mimi thelathini na mitatu, yeye thelathini na mitatu, na mama yake aliyemzaa kasimama nyuma, thelathini na mitatu. Nani atamwamkia nani? Nilimwuliza Bwana Noa, akanijibu kwamba shikamoo ni jambo la dunia hii. Nikampelekea jibu hilo jirani yangu Mwinyijuma, muuza kahawa, ambaye ni Mwislamu na hana ugomvi na sisi. Alicheka nusura aangushe buli. "Fundi, na sisi tumeahidiwa ujana," akasema, "lakini mama yangu nitamwamkia hata nikimkuta kigori." Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, Mwislamu atafika akiwa na adabu zake, na Mlutheri wa Makorora atafika akisema "Hujambo" kwa nyanya yake. Mkiona ni sawa, liandikeni katika gazeti watu wajiandae.

3. Kwamba huko hakuna kuoa wala kuolewa, sibishani. Kalisema mwenyewe Bwana. Sidai ndoa. Nadai kumjua mtu. Bertha alipokuwa akirudi kutoka Mabawa kwa binti yetu Chiku, nilikuwa nikimtambua tangu kona ya kisima, nimeinama na misumari mdomoni: kishindo, fimbo, mkwaruzo, kishindo, fimbo, mkwaruzo. Semeni, mpika vitumbua wa mlango wa pili, alikuwa akinipigia kelele, "Fundi, teleka chai, mwenyewe huyo!" naye hajamwona. Sasa nitakaa huko katikati ya maelfu ya watu wa miaka thelathini na mitatu, wote wananyooka kama milingoti, wote wanatembea bila sauti. Nitazitegea sikio nyayo zipi? Bwana Noa anasema tutajuana kwa roho. Yeye, Jumapili moja, alinipa pole ya kufiwa akiniita Ernesti. Roho gani hiyo?

4. Nimesoma kwamba Bwana mwenyewe alipofufuka hakuyaficha majeraha yake. Alimwita yule mwanafunzi mwenye shaka, akamwambia atie kidole. Yaani aliyekuwa na uwezo wa kuyafuta hakuyafuta, na ndiyo yaliyowafanya wenzake wamtambue. Bwana Noa, aliyehitimu katani, ameona hapo palisahaulika brashi.

5. Hapa ndipo panaponiuma. Siku ya mazishi niliisimika fimbo ya Bertha kichwani pa kaburi. Wenzetu wa pwani huweka sahani au kikombe cha marehemu, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu huacha alama ya mtu wake. Jumamosi ya kabla ya Pasaka, wakati wa kufyeka makaburi kwa ajili ya ibada ya alfajiri, Bwana Noa aliing'oa. Alisema mbele ya watu kwamba fimbo juu ya kaburi la Mkristo ni kumwambia Mungu hawezi kazi. Nilidhani ataichoma, iwe na heshima ya kuchomwa. La. Juzi nilipita nyuma ya kanisa, nikaona dirisha la sakristia limefunguliwa, na kinachoshikilia ubao wake ni fimbo ya mke wangu. Mpini wake wa mpingo, ulioliwa na kiganja chake mpaka ukaingia bonde, umetazama chini. Kwa hiyo ulemavu wa Bertha ni aibu kaburini, ila kwa kuingiza upepo unafaa.

6. Kwa hayo yote naomba: (a) fimbo irudi kaburini kabla ya Pentekoste, na airudishe aliyeing'oa, (b) usharika upeleke maombi rasmi mbinguni, wakipenda kwa Kijerumani, kwamba wenye viungo vyao walivyovizoea watengewe benchi lao, wasiguswe mpaka waulizwe, (c) Bwana Noa avae kwa siku saba jozi ya viatu nilivyokwisha kumshonea, namba nane, cha kulia soli ya kawaida, cha kushoto kimezidi inchi mbili. Aende navyo Mabawa na kurudi, kila siku, ndoo ya maji kichwani kama alivyokwenda Bertha. Siku ya nane apande mimbarani atuambie tena nani daraja la kwanza. Viatu viko tayari. Ngozi ni nzuri, sikumbania.

Nisalimie Mchungaji, wazee wa kanisa na wanakwaya, hasa Anjela, asipungue hata ratili. Nisalimie Lea na macho yake, hili alilo nalo na lile analosubiri. Mzee Ernesti mwambie avue koti, siri imekwisha. Bwana Noa naye msalimie, na ukubwa wa kiatu chake usiutangaze.

Wako mwenye miguu miwili sawa, isiyo na faida yoyote,

Fanueli Shekigenda
Fundi viatu, karibu na kisima

Niliyotaka kuyaacha: Nimekwisha kulamba bahasha, nimeifungua tena. Bwana Noa alikuja kumwombea Bertha siku kumi kabla hajafa, akamwambia kitandani kwamba mguu ule utanyooka. Mimi nilikuwa mlangoni nacheka puani. Bertha hakucheka. Mgeni alipotoka akaniambia, "Baba Chiku, nishonee viatu vya watu." Nilimwelewa. Nikamshonea vyeusi, ngozi laini, soli mbili za unene mmoja, vya kwanza katika maisha yake. Hakuvijaribu, alivitazama tu, akavilaza kifuani. Ndivyo tulivyomzika navyo, nilimfunga kamba kwa mkono wangu. Kile kiatu chake cha zamani, cha soli nene, kimebaki hapa juu ya rafu.

Basi ona nilivyojifunga mwenyewe. Kama Noa anasema kweli, viatu vinamkaa sawasawa, na barua hii washieni jiko. Kama anasema uongo, mke wangu yuko huko na mguu wake mfupi, katika viatu visivyomfaa, nilivyomshonea mimi, fundi wake, na cha kumshikilia kinashikilia dirisha lenu. Kila jioni naomba Noa awe mkweli, na mguu umenyooka, hata nikose kumtambua. Lakini fimbo irudisheni kwanza.