Namna mama-mukwe aliingia kazi bila kujua

Leo haya imeniua, benzangu. Acheni kwanza kuteka maji, mukuye karibu, niwaambie mi mwenyewe mbele bengine baongeze ya kwabo.

Munajua mi natumikaka nusu siku kwa Tata Ramazani, ule muntu wa Kasongo mwenye kupika mikate. Naingia asubui, saa sita niko kwangu. Kazi iko muzuri. Lakini mu kaneti ya bwana yangu, kile kitabu ya posho kule ku kampani, baliandika: muke, hatumike. Na hapa mu kambi bote banasema: muke akigusa kazi, hata kidogo, posho yake ya unga na samaki inakatwa! (Nani alisema? Sijui. Bote.)

Sasa Tata Ramazani ni muntu wa sheria. Mwezi wenye ulipita aliniambia: "Mama Feza, napashwa kukata kodi ya Leta, ya serikali, kidogo pa mushahara wako. Nipeko jina yako, niandike pa karatasi."

Jina yangu? Na kama ile karatasi inafika ku kampani? Akili yangu ikakimbia mbio (mu njia mubaya). Nikamupa jina ya mama-mukwe. Monga Kisimba! Mama wa watu, hata ku kanisa hafike bila fimbo. Nikajisemea: ule, nani atamutafuta?

Bandugu, bamemutafuta.

Leo asubui mikate ilikwisha kutoka, furu ya kupikia imepoa, niko napangusa majivu. Nasikia pa mulango sauti ya Mama Assistante, ule wa kampani mwenye kuangaliaka mambo ya jamaa za bafanyakazi. "Bonjour, Tata Ramazani. Uko na mutumishi jina yake Monga Kisimba?"

Yo! Mulango ni moja tu, na ye njo alisimama pale. Nikavua sapato mu miguu, nikaziacha pale chini, nikaingia mu furu. Kichwa mbele! Mule ndani giza, joto, majivu mu pua. Nikaomba batakatifu bote benye najua, na bengine benye sijui.

"Ndiyo, yuko," Tata Ramazani akajibu. "Anatumika nusu siku. Ana nguvu sawa musichana."

"Nguvu?" Sauti ingine. Nikaijua. Mama-mukwe mwenyewe! Mama Assistante alimuleta na motokari. "Mi? Mi napikaka mikate? Na haya magoti?"

"Mama, makaratasi ya kodi inasema unalipwa," Mama Assistante akamwambia. "Muzazi mwenye kulipwa hahesabiwe tena mu bale mutoto wake analisha. Juu ya ile njo posho yako inakatwa."

Kiisha nasikia fimbo: to, to, to. Inakaribia furu.

"Hizi sapato," mama-mukwe akasema pole pole, "ni mi nilipatia muke wa mutoto wangu ku Noeli."

Ningefanya nini? Mu furu hakuna nafasi ya kugeuka. Nikatoka kinyumenyume. Kile ninakaliaka njo kilitangulia, mbele ya mama-mukwe! Uso mweusi ti. Na bale bote ba foleni ya mikate (bamepiga makofi, Mungu awaone).

Nikapiga magoti, nikalia: "Mama Assistante, kata posho yangu, uache ya mama!"

Akaniangalia sana. "Yako nani anaikata? Muke mwenye kutumika nusu siku anabakia mu kaneti. Kodi ni ya Leta, posho ni ya kampani. Kwa nini hukuulize?"

Kwa nini sikuulize! Mwezi muzima najificha juu ya kitu chenye hakikuwa kosa, na kosa yenyewe nikaitengeneza na kinywa yangu.

Tata Ramazani akaleta kalamu. Bakafuta jina ya mama, bakaandika yangu, Mama Assistante akatia saini. Posho ya mama imebakia! Na yangu imebakia! Nikaruka na furaha, majivu ikapakaa bote.

Mama-mukwe hakuruka. Alikaa pa gunia ya unga, akalaza fimbo pa magoti. "Tata Ramazani," akasema, "nimekutumikia mwezi muzima. Mikate yangu iko wapi?"

Akapewa tano. Mi njo nilizibeba mupaka kwake, nyuma yake, mweusi vile vile, kambi yote inaangalia.

Basi, mwenye kutaka kucheka acheke. Lakini akiwa na swali ya posho, aende ku biro na miguu yake, na jina yake mwenyewe.