Kompyuta ya Bi. Halimo Inayofanya Kazi Skrini Ikiwa Imezimwa

Ushirika wa Maziwa Enkishon,
Kitengela.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea heshima za ofisi nzima, ukimtoa mmoja.

Utakumbuka tulimwajiri Bi. Halimo Warfa, asiyeona, ili wafadhili wakija wamkute. Walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Shida ni kwamba yeye alibaki, akaanza kazi. Kwa hivyo nalalamika:

1. Amekuja na kompyuta yake ya Linux, yenye programu inayomsomea kila kitu masikioni. Skrini ameizima kabisa. Nikisimama nyuma yake kumsimamia, naona uso wangu tu.

2. Sauti hiyo hukimbia kuliko dalali wa mbuzi. Nilijaribu kuisikiliza, sikuambulia neno. Itakuwaje mfanyakazi aelewe jambo lililomshinda msimamizi wake?

3. Stima ikipotea sisi hupumzika, kama ilivyo desturi. Yeye betri yake hailishi skrini, basi anaendelea tu. Jumanne alimaliza orodha yake ya malipo ya maziwa, ya karani mwenzake Bw. Wakhungu, na yangu. Sasa wanachama wa Isinya wanamuulizia kwa jina.

4. Nikaona heri tuachane kwa amani. Nilimwandikia barua ya kujiuzulu, nikaichapa, nikaipiga picha ili mashine isiweze kuisoma, nikamtumia. Nikamwambia ni fomu ya likizo, aweke sahihi. Aliandika amri moja tu, maneno yakatoka ndani ya picha, akayasikiliza hadi mwisho.

"Bwana Lesiamon," akasema kwa upole ulioniudhi, "mimi siachi kazi. Na 'kujiuzulu' umeiandika vibaya mara tatu."

Soipan, anayetupikia chai, alicheka mpaka akaweka birika chini.

Naomba Bi. Halimo aamriwe kuwasha skrini na kuitazama masaa manne kila siku kama wenzake. Akishindwa, afutwe kwa utovu wa nidhamu.

Nisalimie mama watoto, wazee wa kamati, na wanachama wote wasiomuulizia.

Wako mtiifu,
Allan Lesiamon
Msimamizi wa Ofisi

N.B. Skrini yangu imekufa nikiandika salamu. Bi. Halimo ameniwekea ile sauti, ndipo nikamaliza. Hakuna aliyeniambia inatokea kwenye spika. Foleni nzima ya wanachama imesikiliza barua hii yote. Sijui kutuma bila kuona, kwa hivyo anayekutumia barua hii ni yeye. Tafadhali asifutwe kabla hajanionyesha pa kuinyamazisha. Imerudia namba nne.