Ugomvi wa Saa Tano Kamili

“Kurugenzi ya Uhalisi wa Mitaa inayo furaha kuwatangazia wakazi wote wa kilima cha Santa Brígida, jijini Lisbon, kwamba kuanzia tarehe ishirini Mei, saa nne kamili asubuhi, maisha yao yataanza rasmi.”

Armindo Quaresma, mkaguzi daraja la pili, ndiye aliyelibandika tangazo hilo ukutani kwa mikono yake, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, na moyoni akaona kweli ni tangazo zuri. Miaka yote watu wa kilima walikuwa wakiishi ovyo ovyo, kila mtu kivyake, bila ratiba. Mwezi wa Mei wageni wanapanda ngazi ulimi nje, maua ya zambarau ya mijakaranda yamewaganda kwenye viatu, wanatafuta mtaa wa kale wenye watu wa kale. Wanakuta nini? Madirisha yamefungwa. Watu wako kazini. Jambo la aibu.

Sasa utaratibu ulikuwepo. Nguo zilizofuliwa zining'inie nje saa nne, nyeupe na nyekundu tu, chupi zisizidi mbili kwa kila kamba. Sardini wachomwe saa sita. Na saa tano kamili majirani wagombane, dirisha kwa dirisha, kwa dakika kumi na mbili, bila kugusa siasa.

Nyumba ya kwanza kukaguliwa ilikuwa namba tisa, ghorofa ya pili, kwa Dona Zulmira Falcato, mjane wa miaka sabini na minne. Alimfungulia Armindo mlango akiwa amevaa raba za kijani.

“Umezaliwa hapa, mama?”

“Humu humu. Kitanda kile pale.”

“Una shahidi?”

“Mama yangu alikuwepo.”

“Anapatikana?”

“Makaburini. Wanafungua saa tatu.”

Armindo aliandika: shahidi yupo, hajibu. Akaendelea.

“Asubuhi unakula nini?”

“Nafaka za boksi na maziwa. Hospitali wamenikataza soseji.”

“Hizo raba?”

“Mjukuu kaniletea. Ngazi mia na nane hizi, mwanangu, we ungepanda na viatu vya mbao?”

“Huwa unaimba dirishani? Nyimbo za huzuni?”

“Nikiimba mbwa wanaomba kuhama.”

Armindo alikohoa. “Tuje kwenye ugomvi. Jirani yako wa mbele ni nani?”

Dona Zulmira alielekeza kidevu dirishani. Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kupeana chumvi, mwanamke mnene mwenye vibanio kichwani alikuwa akimenya maharage mabichi huku amewakazia macho.

“Hortênsia,” alisema Dona Zulmira.

“Mnagombana?”

“Tangu paka wake alipomla ndege wangu. Miaka kumi na moja.”

Armindo alifurahi kwa dhati. “Vizuri sana! Basi anzeni.”

“Tuanze nini?”

“Kugombana.”

“Si ndiyo tunagombana hivi! Humwoni alivyoninyamazia?”

Armindo alitazama. Kweli, Hortênsia alikuwa amenyamaza kwa nguvu zake zote.

“Kimya hakitoki kwenye picha, mama.”

“Basi wageni wako waje wakae hapa miaka kumi na moja. Watakisikia.”

Armindo alijumlisha alama zake. Thelathini na nane kwa mia. Chini ya hamsini, kanuni ilisema, mkazi hakidhi viwango vya kuwa mkazi, na chumba chake kinakabidhiwa mkazi mbadala mwenye stashahada ya sanaa za jukwaani. Alimweleza hayo kwa upole, kama alivyofundishwa kwenye semina.

“Serikali haikufukuzi, mama. Inakutenganisha tu na nyumba.”

Dona Zulmira aliketi ukingoni mwa kile kitanda. “Lini?”

“Mwisho wa mwezi.”

“Niende wapi?”

“Kuna majengo mapya nje ya jiji, kituo cha mwisho cha treni. Huko hakuna wageni. Unakula boksi lolote unalotaka.”

Armindo alidhani mama atacheka. Dona Zulmira hakucheka. Alipangusa shuka kwa kiganja, taratibu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Armindo alimaliza kahawa aliyowekewa kwa kuwa kanuni haikuikataza.

*

Tarehe thelathini na moja Mei jopo likaja: waamuzi watano kutoka miji mitano ya Ulaya, waliokuwa wakizunguka kuchagua mji halisi kuliko yote. Jioni iliyotangulia, Mkurugenzi mwenyewe, Daktari Leopoldo Sarmento, alikuwa amemwita Armindo ofisini. Alikuwa daktari wa nini, hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza.

“Namba tisa iko tayari?”

“Mkazi mbadala amewasili, Bwana Daktari. Ila mkazi wa awali hajatoka. Anasema mwisho wa mwezi ni kesho usiku, si kesho asubuhi.”

“Mfungie jikoni.”

“Nimfungie?”

“Mhifadhi jikoni.”

Hilo lilikuwa neno la kiofisi, na Armindo alilielewa. Asubuhi alimwomba Dona Zulmira aingie jikoni. Mama hakubisha. Alikuwa na samaki wa kuparua, na mizigo yake miwili ilikuwa tayari imefungwa kwa kamba kando ya jiko. Armindo alitia ufunguo mlangoni. Alisimama nao hapo muda mrefu kidogo. Kisha, kwa sababu ambazo hakuzieleza katika ripoti, akashuka ngazi bila kuuzungusha.

Dirishani aliwekwa Vanda, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Porto, mwenye wigi la mvi na mtandio mweusi mabegani. Chini, kichochoroni, Daktari Sarmento alisimama mbele ya jopo akiwa na suti ya rangi ya maziwa na sauti ya mtu anayezindua daraja.

“Waheshimiwa, huyu ni Dona Zulmira. Amezaliwa katika chumba hicho hicho. Hajawahi kuona lifti. Maisha yake yote ameishi kwa sardini na machozi.”

Vanda alishusha pumzi, kama ratiba ilivyoagiza.

Mwamuzi mmoja, mama mrefu kutoka Helsinki, alikunja uso. “Anaonekana kijana sana.”

“Mafuta ya zeituni,” alisema Mkurugenzi.

“Machozi ya nani?” iliuliza sauti kutoka juu.

Kichwa cha pili kilikuwa kimetokeza dirishani, chenye nywele za kweli na magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko. Dona Zulmira halisi alimsukuma Vanda begani.

“Sogea, binti, utalowa.”

Kisha akainua beseni. Maji aliyooshea samaki wa kutosha watu sita yalishuka ghorofa mbili yakamkuta Daktari Sarmento pale pale aliposimama, yakamlowesha toka kisogoni hadi soksi.

“Mwizi wa vyumba we! Mimi nimezaliwa kitandani humu, wewe umezaliwa kwenye faili! Ati sijaona lifti! Nimeona lifti, nimeona ndege, nimeona na wapuuzi wengi, ila mpuuzi wa kuvaa tai bila shingo ndiyo kwanza leo!”

“Mama, tafadhali, tuna wageni—”

“Wageni karibuni sana! Nakusema wewe! Unaniita mzee wa maonyesho, halafu unaniwekea mtoto wa watu mwenye nywele za mopu!”

Hapo likatokea jambo ambalo mtaa mzima bado unalisimulia. Ng'ambo ya kichochoro Hortênsia aliweka kando bakuli lake la maharage, akajaza hewa kifuani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja akafungua kinywa.

“Zulmira! Umemkosa upande wa kushoto! Bado mkavu huyo!”

“Nimeishiwa maji!”

“Ngoja, nina ya maharage!”

Yakaja na ya maharage. Mkalimani wa jopo alikuwa ameegemea ukuta akishika mbavu, lakini jopo halikuhitaji tafsiri. Wote watano walikuwa wameinua simu zao, na yule mama wa Helsinki alikuwa akipiga makofi huku machozi yakimtoka.

“Mkaguzi,” Daktari Sarmento alinong'ona kupitia meno, “fanya kitu.”

Armindo alitazama saa yake. “Ni saa tano kamili, Bwana Daktari. Wako ndani ya ratiba.”

Jopo lilikaa pembeni dakika saba tu. Lilitoa alama mia kwa mia, ambazo halikuwahi kuzitoa popote, kwa sharti moja: tukio hilo lionyeshwe kila siku, mpaka mwisho wa Oktoba, na watu wale wale.

“Kulitokea bahati mbaya hapa,” alianza Mkurugenzi.

“Bahati mbaya?” Mama wa Helsinki alisimamisha kalamu. “Kwa hiyo halikuwa halisi?”

Simu ya Mkurugenzi ililia mfukoni. Alikuwa waziri, ameshaona picha mtandaoni, na alikuwa akimpongeza kwa sauti iliyosikika na kila aliyekuwepo.

“Ni halisi,” alisema Daktari Sarmento, na gamba la samaki likamdondoka kutoka kwenye nyusi. “Halisi kabisa.”

Siku hiyo hiyo Armindo aligonga mhuri kwenye cheti cha Dona Zulmira: mkazi halisi daraja la kwanza, hahamishiki. Alikipeleka mwenyewe, ngazi zote mia na nane. Mama alikisoma mara mbili, akakunja midomo, kisha akamwambia afungue kamba za ile mizigo, kwa kuwa yeye vidole vinamuuma.

Wiki ya pili ya Juni, kichochoro kilijaa wageni mpaka kwenye vyungu vya mrehani vya milangoni. Daktari Sarmento alikuwa amesimama kwenye msalaba wa chaki aliochorewa, suti imeshapigwa pasi, lakini saa tano ilipita na maji hayakuja. Juu kulikuwa na mzozo.

“Leo zamu yangu!” Hortênsia alifoka. “Jana umemwaga wewe!”

“Jana ilikuwa nusu beseni! Nusu beseni si zamu!”

“Na juzi?”

“Juzi alijikinga na mwavuli, haihesabiki!”

“Zulmira, we mwanamke unapenda makuu!”

“Na we mikono mifupi, hata humfikii!”

Wageni walipiga picha kwa furaha. Mkurugenzi alisubiri dakika tano, akasubiri kumi, kisha akaweka mikono kinywani akaita kwa adabu:

“Mabibi, samahani. Nina kikao na waziri saa tano na nusu. Mnaweza kunimwagia sasa?”

Vichwa viwili vilitokeza kwa pamoja, huku na huku.

“Panga foleni!”